Vidokezo 10 vya Kuwakumbuka Ndugu Zetu Waliokwenda Vitani

Karibu kila ukoo wa Afrika Mashariki una mtu wake aliyekwenda vitani. Yupo babu aliyekamatwa kubeba mizigo ya jeshi kati ya 1914 na 1918. Yupo aliyevaa kaptula ya Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) akafika hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Yupo baba mdogo aliyekuwa mgambo kijijini, akaitwa mwaka 1978 na kuvuka Mto Kagera. Majina yao tunayo, ila habari zao tumebaki nazo nusunusu: alikwenda akarudi, au alikwenda hakurudi.

Taifa huwakumbuka kwa wingi wao, kama jeshi, na hiyo ni haki yao. Lakini kumkumbuka mmoja kwa jina lake, kwa sauti yake na kwa chakula alichokipenda ni kazi ya nyumbani kwake. Tusipoifanya sisi, haifanyiki. Hivi hapa vidokezo kumi vya kuanzia, na vingi havidai zaidi ya simu ya mkononi, daftari na muda wa kukaa na wazee.

1. Anza na walio hai

Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, viliisha Juni 1979. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule sasa amevuka miaka 65, na makamanda wake wengi wametangulia mbele ya haki. Jenerali David Musuguri, aliyeanza uaskari katika Keya mwaka 1942 na baadaye akaongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Mzee wa namna hiyo akiondoka, vita viwili huondoka naye.

Kwa hiyo vitabu na makumbusho vingoje kidogo. Chukua karatasi uandike majina ya wazee wote wa ukoo waliokwenda wenyewe, au waliomwona aliyekwenda siku anaondoka. Wapiganaji wa Burma karibu wote wamekwisha, lakini watoto wao wapo na ndio wazee wetu wa leo. Mjane naye usimsahau, kwani ndiye aliyepokea barua na ndiye aliyemuuguza mume aliporudi. Katika orodha hiyo, mtangulize mkongwe kuliko wote na yule anayeumwaumwa.

2. Uliza maswali madogo

Ukimwambia mzee "nisimulie vita," atakujibu kwa sentensi moja: tulipigana, tukashinda, tukarudi. Swali kubwa hivyo halina pa kushika. Wala usimuulize aliua wangapi; hilo si swali la mtoto kumuuliza mzazi wake. Uliza habari za viatu, chakula, usingizi, mvua, rafiki.

Baba mkubwa wangu alikwenda na mgambo, na kwa miaka mingi nyumbani tulijua hilo tu. Siku moja tukiwa tunapukuchua mahindi nikamuuliza:

"Baba mkubwa, hivi kule Uganda viatu mlipewa?"

"Viatu, mwanangu? Nilipewa namba tisa, na mimi navaa saba."

Hapo ndipo alipoanza. Akaeleza alivyosokomeza magazeti kwenye ncha za buti, na jinsi malengelenge yalivyompasukia njiani kutoka Mutukula kuelekea Masaka. Akamtaja mwenzake wa kutoka Songea aliyemvulia soksi zake mwenyewe akampa. Mwenzake huyo hakuizoea ndizi hata kidogo. Kila wakipika matoke alikuwa akiulilia ugali. Jina la mtu huyo halikuwahi kutajwa nyumbani kwetu kabla ya jioni ile, na leo watoto wetu wote wanalijua.

Maswali mengine yanayofungua mdomo ni haya: Nani alikusindikiza siku unaondoka? Mlikuwa mkiimba nini njiani? Barua ya nyumbani ilikufikiaje? Uliporudi, ni nani wa kwanza kukuona, na akafanya nini?

3. Asiyetaka kusema, mwache

Wapo wazee waliofunga mlango huo na hawataki uguswe. Wengine walizika wenzao kwa mikono yao, wengine bado hushtuka usiku. Ukiona mzee amenyamaza ghafla, amebadilisha mazungumzo au macho yamemlowa, funga daftari. Mletee maji, mwulize habari za ng'ombe, kaa naye tu.

Hata kunyamaza kwake kuna heshima yake, na familia inaweza kumkumbuka vema bila kujua kila kitu. Mwambie kwa upole kwamba siku atakayotaka kuzungumza upo tayari. Pengine siku hiyo itafika, na pengine atamchagua mjukuu badala yako. Ukiona usingizi wake hautulii au anateswa na yaliyopita, mtafutie msaada wa hospitali. Afya yake ina thamani kuliko simulizi yako.

4. Rekodi sauti, kisha andika

Simu uliyonayo inatosha. Tafuta sehemu tulivu mbali na redio na mashine ya kusaga, iweke simu karibu na mzee, na mwombe ruhusa kabla ya kubonyeza. Anza kwa kutaja tarehe, mahali, jina la mzee na jina lako, ili atakayesikiliza baada ya miaka 30 ajue ni nani anayezungumza.

Mwache aongee lugha anayoiota ndotoni. Kama ni Kihaya, Kingoni, Kikamba au Kijaluo, aongee hivyo hivyo, tafsiri itafuata. Akichanganya miaka usimkatize. Iandike pembeni ukaihakiki baadaye.

Mwombe pia aimbe. Vita vilivyopita vimeacha nyimbo na ngoma nyingi kwetu. Beni, ile ngoma ya magwaride na vyeo yenye vyama vya Marini na Arinoti, ilitoka pwani ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Bibi yako huenda bado anakumbuka ubeti ambao haujaandikwa popote.

Ukishamaliza, weka nakala tatu: moja kwenye simu, moja kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, na moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Kisha kaa uandike. Washairi wetu walikuonyesha njia: Shaaban Robert alitunga *Utenzi wa Vita vya Uhuru* kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, na Henry Muhanika akatunga utenzi wa Vita vya Kagera. Wewe si lazima utunge beti. Kurasa mbili za maneno ya kawaida zenye jina la ndugu yako zinatosha kabisa kwa kuanzia.

5. Lifungue sanduku kwa uangalifu

Katika nyumba nyingi mali ya askari imo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda: cheti cha kuachishwa jeshi, picha moja au mbili, nishani, pengine mkanda. Cheti ndicho chenye thamani kubwa kwa mtafutaji, kwa sababu kina namba ya jeshi na kikosi. Majina ya Juma Hamisi ni mengi, namba ya jeshi ni ya mmoja.

Picha iangalie polepole. Beji ya kofia, maandishi ya begani na idadi ya tepe mkononi vinaweza kukuambia kikosi na cheo. Igeuze pia, nyuma huenda kuna muhuri wa studio na jina la mji. Ukitaka kuandika majina ya waliomo, andika nyuma kwa penseli, tena bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya hadi upande wa mbele.

Nishani usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, maana kila msuguo unaondoka na sehemu ya maandishi. Nishani za Waingereza za Vita vya Kwanza kwa kawaida zina namba na jina la askari ukingoni, hivyo zizungushe kwenye mwanga uone. Za Vita vya Pili nyingi hazikuandikwa jina, na hapo cheti ndicho kitakachosaidia kujua zilikuwa za nani.

Na tafadhali, usipeleke cheti cha babu kulaminetiwa. Joto na gundi vinaiharibu karatasi ya zamani, na ikishafungwa humo kuitoa ni kuichana. Kipige picha karibu na dirisha bila kuwasha taa ya simu, kisha kitie kwenye bahasha safi, mahali pakavu pasipofikiwa na mchwa wala jua.

6. Litafute jina lake kwenye orodha

Kama ndugu yako alifia vitani akiwa katika majeshi ya Uingereza, anza na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Orodha yake ya majina iko kwenye intaneti na haina malipo. Tume hiyo ndiyo inayotunza makaburi ya vita Dar es Salaam, Moshi, Taveta, Voi, Nairobi na kwingineko. Ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, kuna mnara wa Afrika Mashariki wenye majina ya wasio na kaburi linalojulikana. Wamo waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944. Meli hiyo ilikuwa imetoka Mombasa kuelekea Ceylon ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani. Waliokufa ni zaidi ya watu 1,200. Kwa waliofia Burma bila kaburi, majina yako kwenye mnara wa Taukkyan, nje kidogo ya Yangon.

Unapotafuta, jaribu kila tahajia. Karani aliandika alichosikia, kwa hiyo Mwakyusa, Makusa na Mwakiusa anaweza kuwa mtu mmoja. Jaribu jina la baba peke yake, jina la ubatizo, hata jina la utani. Kwa walioishi na kurudi, ulizia nyaraka za kikoloni katika hifadhi za taifa: ya Tanzania iko Upanga, Dar es Salaam, na ya Kenya iko Moi Avenue, Nairobi. Nenda na jina la wilaya na la chifu wa wakati ule, kwa kuwa mafaili mengi yalipangwa kiutawala.

Usipomkuta, usikate tamaa na usiamini kwamba hakuwepo. Mwaka 2021 Tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wafikao 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza wakitumikia dola ya Uingereza hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri. Kwa watu hao, daftari la familia ndilo mnara wao.

7. Mfuate kwenye ramani

Chukua ramani mumfuate hatua kwa hatua. Watoto hulipenda zoezi hili kuliko jingine lolote, na wakubwa nao hunufaika, kwa sababu simulizi hukaa sawa zinapowekwa kwenye tarehe na mahali.

Tuseme babu alikuwa Keya na familia inasema "alipigana Burma." Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Ceylon, ikaingia Bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, ikasonga kwenye matope hadi Kalewa na kufika Mto Chindwin mwezi Desemba. Ndani yake kulikuwa na batalioni za Tanganyika, ya 26 na ya 36, pamoja na za Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Cheti kikionyesha kikosi kingine, huenda vita vyake vilikuwa Ethiopia mwaka 1941 au Madagaska mwaka 1942. Heshima yake haipungui kwa hilo, na sasa mnamjua zaidi.

Kwa Kagera, weka kidole Kyaka, ambako daraja lilivunjwa na majeshi ya Amin mapema Novemba 1978. Panda hadi Mutukula, Masaka, Lukaya. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, lakini vita havikuishia hapo. Wengi waliendelea mashariki na kaskazini hadi mpakani. Mwulize mzee alifika wapi. Akitaja kijito kisicho kwenye ramani, kichore wewe.

8. Wakumbuke na wasioshika bunduki

Katika Vita vya Kwanza magari yalikuwa machache na mbung'o waliwamaliza punda na farasi, hivyo jeshi lilitembea juu ya vichwa vya watu. Waingereza pekee waliwaandikisha wapagazi wapatao milioni moja. Walikufa zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam, unakonunua vitenge na simu, palikuwa kambi yao.

Ukipita kwenye Sanamu ya Askari pale mjini, iliyozinduliwa mwaka 1927, mwonyeshe mwanao yule askari aliyeelekeza bunduki bandarini, halafu mwambie habari za wabeba mizigo. Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, mpagazi amechongwa akasimama pamoja na wapiganaji.

Wapo pia wake wa askari waliofuatana na misafara ya Wajerumani wakipika na kujifungua njiani. Wapo mama zetu waliolima peke yao misimu miwili mitatu huku wakiuza kuku walipe ada. Wapo watu wa Kagera waliokimbia nyumba zao na kurudi wakakuta magofu. Unapoandika habari za aliyekwenda, acha ukurasa kwa aliyebaki.

9. Pande zote ni za ukoo wako

Ukichimba vizuri utakuta ndugu waliopigana pande mbili. Mwaka 1917 Waingereza waliunda upya batalioni ya sita ya Keya kwa kuwachukua askari waliowateka kutoka jeshi la Wajerumani, kwa hiyo mtu mmoja angeweza kuvaa sare zote mbili katika vita vimoja. Walioizima Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907 wengi walikuwa askari weusi. Kenya ya miaka ya 1950 ilikuwa na nyumba ambazo kaka mmoja alikuwa msituni na Mau Mau, mwingine akiwa Keya au homgadi.

Mjukuu si hakimu. Andika kilichotokea, andika sababu walizozitoa wenyewe: njaa, kodi, kulazimishwa, mshahara, imani. Usimpake rangi aliyekuwa upande usioupenda, wala usimfute. Watoto wetu wakijua kwamba vita viligawa hata chungu kimoja, wataelewa kwa nini amani inapiganiwa kila siku.

10. Weka siku, na wape watoto kazi

Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai. Katika sherehe hiyo Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani shoka, kisha viongozi wa dini huomba dua. Kenya ina Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba. Songea huwakumbuka kila tarehe 27 Februari mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906.

Chagueni mojawapo, au siku ambayo ndugu yenu aliondoka nyumbani, iwe siku ya ukoo. Mkiweza, fungeni safari. Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari waliokufa katika Vita vya Kagera. Naliendele, Mtwara, kuna makaburi ya askari wa Tanzania waliofia Msumbiji. Hayo ni maeneo ya jeshi, hivyo ombeni ruhusa mapema na mwende na kitambulisho.

Msipoweza kusafiri, nyumbani panatosha. Someni dua au misa kwa desturi yenu, pikeni chakula alichokipenda, wekeni picha yake mezani. Kisha wagawieni watoto kazi: mmoja asome jina kamili na namba ya jeshi, mmoja aonyeshe njia kwenye ramani, mmoja awashe rekodi ya sauti ya bibi. Mtoto anayesikiliza tu atasahau, lakini aliyepewa kazi mwakani ataidai mwenyewe.

Na kabla ya siku hiyo kufika, leo hii mpigie simu mzee mmoja. Mwamkie, mwulize hali, umwombe akutajie majina matatu ya waliokwenda vitani kutoka ukoo wenu. Yaandike papo hapo, pamoja na tarehe na jina la aliyekutajia.